Njia ya ng'ombe kwenye shimo la changarawe

Mjukuu wangu Mbonea,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Huku Same tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Unasema bosi wako amekurudishia mpango wa kufunga shimo la changarawe. Mimi pia nilirudishiwa, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa anajenga. Kwenye fomu ya kuhuisha kibali cha machimbo yetu waliuliza tutaiachaje ardhi tukimaliza kuchimba. Nikaandika, "Vizuri." Ofisa alicheka mpaka akavua miwani. "Dada, hebu nichoree."

Sisi watu wa milimani bwawa tunalolijua ni ndiva, la kumwagilia mashamba. Basi nikachora shimo lenye kuta za mawe zilizosimama wima, likusanye maji ya mvua. Nilijivunia kweli. Mama Naisula, mfugaji jirani na machimbo, akaitazama ile karatasi. "Na ng'ombe wangu watashuka kwa ngazi?"

Tukaenda naye machimboni. Akatembea taratibu kama ng'ombe mwenye kiu, nami nyuma yake nikichomeka vijiti kila alipokanyaga. Mteremko huo ndio niliouchora upya nikampelekea ofisa, akagonga muhuri.

Tulishafunga zamani. Mpaka leo ng'ombe wa wajukuu zake wanashukia palepale penye vijiti vyangu kunywa maji.

Barua yako ni ndefu, ila hujaniambia nani anaishi karibu na shimo lenu. Kamtafute, halafu mwache atangulie yeye.

Bibi yako,
Nakijwa