Vipakuliwa vya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi sana, na kabla sijasema lolote nataka habari za afya yako. Kile kifua kinachokusumbua baridi ikianza, kimetulia? Unalala? Unakula? Ukinijibu kwamba unakula vizuri nitajua unanidanganya, maana mtu haitwi Kijiti bure. Sisi huku miili ni mizima. Mioyo ndiyo bado, lakini tunaamka, tunakwenda kazini, tunarudi.

Nimeshika kalamu kwa sababu umeninyima njia nyingine. Nikipiga, hupatikani. Nikituma ujumbe, hausomwi. Haya, tuone kama na barua nayo utaizima. Naipitisha kwa yule dereva wa lori, rafiki yake shemeji yako, na nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka akuone umeifungua. Ni mtu mnene na hana haraka.

Mama tumempumzisha vizuri. Watu walikuja wengi mpaka viti vya kuazima havikutosha, na karibu kila mwanamke aliyekuja alikuwa amevaa kitu kilichopita mikononi mwake. Nguo za wateja alizoziacha hazijaisha kushonwa nimewarudishia wenyewe, isipokuwa gauni moja. Mwenye gauni hilo ni yule mkunga wa zahanati. Alilikunja na pini zake zote, akasema hatampa fundi mwingine alimalizie, ataliweka hivyohivyo. Nilitaka kumwambia pini zitashika kutu, nikamtafutia mfuko wa kulitia.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Siku ya mazishi ulinipigia, ukalia kama ambavyo sijakusikia ukilia tangu ukiwa mdogo. Ukasema, "Dada, Mama amekufa na kinyongo na mimi." Ukanieleza kwamba baada ya kuondoka bila kuaga, na yale maneno uliyomwambia mlangoni, ulikaa na aibu muda mrefu. Mwisho ukairekodi sauti yako ukimwomba radhi, ukamtumia kwenye simu yake, naye hakukujibu hata neno. Halafu ukakata, na tangu siku hiyo kimya. Mimi sikujua kitu, Kijiti. Mama hakunidokezea. Unamjua: jambo akilifunga, limefungwa.

Neno lako la kinyongo halikunipa usingizi. Kama ni kweli, ungelibeba mpaka uzeeni, na mimi ningekuangalia tu kwa mbali. Nikaamua nitaitafuta sauti hiyo, nijue kama Mama aliisikia au hakuisikia.

Simu niliikuta kwenye droo ya cherehani, kati ya chaki na bobini, imevikwa kimfuko alichoishonea kwa kitambaa cha mapazia. Nikaichaji. Cha kwanza ilichofanya ni kulalamika kwamba imejaa. Nikafungua ujumbe, nikaupata wa kwako. Hakuna sauti, kuna maandishi ya buluu tu, yale ya kubonyeza. Nikabonyeza, nikaambiwa muda wake umekwisha na faili halipo tena. Nikatafuta kwenye picha, kwenye muziki, kwenye rekodi za sauti. Patupu. Nilikaa pale kwenye kiti chake cha kushonea, nikasema basi, mdogo wangu alisema kweli, mama wa watu hakuisikia.

Shemeji yako, kwa nia njema kabisa, akashauri simu ifutwe yote ili apewe shangazi, ambaye yake imepasuka kioo. Nami nikaona potelea mbali. Nikaipeleka kwa fundi simu wa pale kona, yule tunayemwita Bisibisi. Nikamwambia, futa kila kitu. Akaishika, kidole kikawa tayari, kisha akauliza, "Imejaa nini hii, na mwenyewe alikuwa fundi wa nguo?" Kumbe kuuliza si ujinga. Nikamjibu sijui.

Akafungua mahali panapoitwa Faili, ambapo mimi kwa miaka yote sijawahi kuingia, na ndani yake akagusa neno Vipakuliwa. Akanieleza kwamba kila unachokivuta kutoka mtandaoni kinashukia hapo, hata kama kule kilikotoka kimeshaondolewa. Akanisogezea kioo nione.

Kijiti, kulikuwa na sauti yako. Chini yake sauti yako tena, jina lilelile, imeongezewa moja kwenye mabano. Halafu mbili. Halafu tatu. Bisibisi akawa anasukuma orodha kwa kidole na orodha haiishi, yote ni wewe, mpaka chini kabisa ya simu. Akaanza kucheka. Akasema, "Mzee wako alikuwa haendi chumbani kuchukua kitu alichokwisha kukinunua, anarudi dukani kila siku kukinunua upya!" Maana yake, Mama hakujua kwamba ukishalipakua faili linabaki kwako. Kila alipotaka kukusikia alirudi kwenye yale maandishi ya buluu, akabonyeza, akakuvuta upya, akakusikiliza. Kesho tena. Bisibisi aliponiona usoni aliacha kucheka, akanisogezea kigoda. Hakunidai kitu.

Na kila faili lina tarehe yake. La mwisho ni la asubuhi ile tuliyompeleka hospitali. Nakumbuka nilikuwa nje nikigombana na dereva wa teksi, nikimwita Mama atoke, naye akanijibu kutoka ndani, "Ngoja kidogo, namaliza." Nilidhani anamalizia pindo.

Nilipotoka hapo nikapita kwa Bibi Vifungo, jirani yake Mama anayeuza nyuzi na vifungo mlango wa pili. Nikamuuliza kama amewahi kumsikia Mama akisikiliza simu. Akanishangaa. "Akisikiliza? Akiongea! Si na mwanawe yule wa mbali? Kila siku wateja wakipungua, cherehani inanyamaza, nasikia sauti ya kijana, halafu yeye anaitikia. Mimi huwaambia wanangu, angalieni mwenzenu, yuko mbali lakini hapitishi siku bila kumpigia mama yake." Basi jua kwamba mtaa mzima unakusifu kwa simu usizozipiga. Sikuwa na moyo wa kuwasahihisha, na sitawasahihisha.

Sasa utauliza, kwa nini basi hakukujibu. Mimi nilijiuliza hivyohivyo, na nilikasirika, nikasema mama gani huyu. Kisha nikayakumbuka maneno yako ya mlangoni. Ulimwambia, "Usinitafute. Nikitaka kuongea nitakupigia mimi." Naye, mdogo wangu, alikuwa mtu wa kushika neno. Wewe ukangoja jibu, yeye akangoja simu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wallahi. Ninyi wawili mngenipa mimi hiyo kazi, ningeimaliza kwa dakika moja na matusi juu.

Sijui kama alidhani unamsikia pale alipokuwa akikuitikia. Mama hakuwa mjinga, alijua simu ni nini na sauti iliyorekodiwa ni nini. Nadhani alijua. Nadhani alisema tu kwa sababu alikuwa na la kusema.

Shangazi anakusalimu, na anasema simu yake iliyopasuka inamtosha. Shemeji yako anakusalimu na anaomba radhi kwa ushauri wake. Mjomba hasemi mengi, ila kila nikifika huuliza kama umepatikana. Bibi Vifungo naye anakusalimu sana, wewe mtoto mwema.

Ndani ya bahasha nimebandika kikadi kidogo cha kumbukumbu, kile cha kutia ndani ya simu. Nimekuwekea faili moja, lile la asubuhi ya hospitali. Kitie kwenye simu yako, iwashe hiyo simu kwanza, kisha ingia kwenye Faili, usiende kwenye muziki, hutalikuta huko. Najua hutaki kujisikia sauti yako ukilia. Sikiliza hivyohivyo, na usipeleke mbele. Mimi nimesikiliza nikiwa na Bibi Vifungo pembeni, na kila ulipokwama ukanyamaza, alinionyesha Mama alikuwa akisema nini. Unaanza kwa kusema, "Mama, sijui kama unanisikia." Halafu kimya kirefu, pumzi yako tu. Hapo, Kijiti, ndipo kila siku alipokuwa akikujibu, "Nakusikia, baba. Yamekwisha. Sema."

Mungu akulinde ulipo na akurudishe ukiwa mzima. Nipigie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna.