Namba Iliyovunja Kanuni

Mjukuu wangu Zuhura, marahaba. Jana mama yako aliniambia kuwa kompyuta imepata namba moja inayovunja kanuni uliyodhani ni ya kweli kwa namba zote, na unauliza kama uache utafiti. Sisi huku Mwembesongo hatujambo.

Nilipokuwa nasoma hisabati Dar es Salaam, kompyuta ya chuo ilivunja kanuni yangu vivyo hivyo. Mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno la mwisho, akaja kunichukua huku akicheka: "Mashine imekukataa, mwali. Twende ukaolewe!"

Nikaenda. Kumbe mashine ilikuwa imenionyesha mahali pa kuanza kuchimba. Kwa nini ilikuwa namba ile na si nyingine, sijui mpaka leo.

Jumamosi asubuhi napanda basi stendi ya Msamvu, nije tuitazame namba yako.

Bibi