Bandari juu ya Mlima

Swahiba, nimetoka klabu sasa hivi. Wameniibia mke wangu. Ndiyo, huyohuyo marehemu.

Mwenyekiti kafungua boksi jipya la ule mchezo wetu wa ubaoni, wa visiwa. Eti ni nyongeza ya mchezo, visiwa vipya vilivyobuniwa na klabu, imechapishwa, itauzwa madukani. Mtunzi nani? Jina lake yeye, kubwa kama bango.

Nikatazama ubao. Kisiwa cha saba! Kile mama watoto alichokichora akiwa mgonjwa kitandani, mimi nakata mbao pembeni.

Unakumbuka alivyokosea akaweka bandari juu ya mlima? Tulicheka mpaka akakohoa, akasema iachwe hivyohivyo. Basi ipo palepale. Juu ya mlima! Wameiba hata kosa lake.

Nikauliza, "Mwenyekiti, meli inapandaje mlima?"

Akajibu, "Mzee, huo ni ubunifu wa kamati."

Kamati! Wakubwa ni walewale. Ukiwa hukusoma wanakufanya ngazi ya kupandia.

Nikamgeukia shemeji, katibu wao, ndugu wa tumbo moja na marehemu. "Sema wewe. Kisiwa hiki cha nani?"

Hata hakuinua macho, anapanga kete. "Shemeji, usituletee msiba hapa. Dada hakuwa mwanachama."

Hakuwa mwanachama. Ananiambia mimi. Hakuwa mwanachama!

Mwenyekiti akaomba apigiwe makofi, yeye mtunzi. Ukumbi mzima ukasita, watu wakanitazama mimi.

Aliyeanza kupiga ni shemeji.