Bakuli la Muuzaji Shali

Shikamoo Mama, na wote hapo Nambambo.

Baridi ya Istanbul inang'ata masikio! Jana nilikununulia shali. Nilipotoa kadi ya benki, kimashine kikauliza: nilipe kwa lira au kwa shilingi? Shilingi, huku! Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa Ruangwa. Muuzaji akanihimiza, "Chagua pesa ya kwenu, dada."

Nikakukumbuka ukimfukuza yule mnunuzi wa korosho: "Akipima kwa bakuli lake, umeshaliwa." Kumbe ukichagua shilingi, bei ya kugeuza lira wanapanga wao wenye kimashine, bakuli ni lile lile. Nikabonyeza lira. Akanuna!

Shali nimelala nayo, nisamehe. Ikikufikia usiifue upesi, Mama. Ina harufu yangu.

Mwanao,
Somoe