Siku Nne Chini ya Turubai Lako

Nyakitonto,
Jumapili, 6 Julai 2014

Baba,

Nakusalimu, mwakeye. Nimeahidi moyoni kwamba leo nitakueleza yote, hata ya aibu, maana ulikuwa ukisema nikificha neno uso wangu unaumuka kama andazi. Nimetoka msituni jana. Vidole vimevimba, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Tangu ututoke mwezi wa nane mwaka jana, hapa nyumbani Mama amehamishia kuku jikoni kwa sababu ya vicheche, na mimi niko kidato cha pili. Lakini ninachotaka kukuambia ni habari ya kambi yako ya asali kule msituni. Msimu wa mwishoni mwa mwaka haikulalwa na mtu. Desturi unaijua kuliko mimi: kambi ikikosa mtu misimu miwili, mrina asali mwingine ana haki ya kushusha mizinga ya mwenyewe na kutundika yake. Bwana mmoja wa Kagerankanda alishakuja kuulizia. Alikuja kwa heshima, na jogoo mkononi. Mama alikuwa karibu kumkubalia, kwa kuwa sisi watoto wako ni wasichana watupu. Nikasema nitakwenda mimi.

Baba mdogo alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Siku nne. Ukizimaliza bila kuniomba turudi, kambi ni yenu, na kila likizo nitakusindikiza. Ukiniomba, namwita yule bwana."

Tulitembea kutwa nzima. Nilibeba turubai lako, lile ulilobadilishana kwa ndoo ya asali na familia ya wakimbizi wa Mtabila walipofungiwa kambi yao wakarudi Burundi. Ni zito, Baba. Sikujua ni zito hivyo. Nililitandaza juu ya kamba kati ya miyombo miwili, nikakandamiza pembe kwa mawe, nikajiona fundi. Kumbe nimeelekeza mlango kwenye upepo. Baba mdogo alinitazama tu, akaingia chini ya turubai lake na kujifunika. Asubuhi meno yangu yalikuwa yakigongana, na blanketi limelowa umande kama limefuliwa. Ndipo akaniambia nigeuze mlango.

Sasa aibu yenyewe. Siku ya pili nilishuka kijitoni alfajiri nikaoga vizuri kwa sabuni ya kipande aliyoninunulia Mama kule Kasulu mjini, ile yenye harufu ya maua. Shuleni tunafundishwa kuoga kila siku. Sikujua kwamba mrina asali hajipaki harufu. Baba mdogo alikuwa juu ya mti na moshi wake, mimi chini nimeshika kamba ya kushushia masega. Nyuki walimpita yeye, wakanishukia mimi. Nikaachia kamba, ndoo ikaanguka, masega yakatapakaa kwenye majani makavu. Nilikimbia mpaka kijitoni nikajitumbukiza na nguo zangu. Baba mdogo alipofika, jicho langu moja limeshaziba, akanusa hewa, akasema, "Mwanangu, hawa wamedhani bibi harusi amefika." Kisha akaanza kunitoa miiba kichwani, mmoja mmoja, kwa ukucha. Mzinga ule tuliuacha.

Siku ya tatu sikuwa na nguvu. Mbung'o walinipasua mgongo. Maji ya kunywa yako mbali, na nikiyafikisha nusu yameshamwagika. Ugali wa muhogo niliusonga ukawa na mabuje, tukaula hivyo hivyo na dagaa. Mchana nilimwendea Baba mdogo. Nilikwenda kuomba turudi, Baba. Nakwambia kweli. Alikuwa ananoa panga. Nikasimama mbele yake. Akaniuliza bila kuinua macho, "Unasemaje?" Nikasema nimekuja kuuliza kama chumvi imebaki. Akasema imebaki. Nikarudi kulia chini ya turubai lako, kimya kimya.

Siku ya nne tulivuna mizinga mitano. Sikuoga tangu siku ile, nilijipaka majivu. Kamba sikuiachia. Baba mdogo alikata alama yako upya kwenye kila mti, mikato miwili na msalaba, na wa mwisho akanipa panga nikate mimi. Akasema, "Haya, mwenye kambi, funga mizigo."

Nilidhani nitafurahi. Nilichoka tu. Njiani nilikumbuka ulivyokuwa ukirudi: tunakusikia ukiimba toka shamba la mihogo, unafika unacheka, unanipa sega mkononi hata Mama hujamsalimia. Unasema msitu umekulea vizuri. Sisi tulidhani unakwenda kupumzika. Mimi nilikuwa nakuonea wivu.

Nikamuuliza Baba mdogo kama na wewe ulikuwa unachoka kule. Akasema, "Hilo muulize mwenyewe. Mimi alinikataza kusema ya kambini nyumbani."

Basi ndiyo maana nakuuliza. Mama amesikia habari ya kambi, ameinama akichagua maharage, akasema, "Haya." Yule bwana amerudishiwa jogoo wake. Nakuahidi kwamba mwezi wa kumi na mbili nitakwenda tena, nitaelekeza mlango vizuri, na masomo sitayaacha. Lala salama, Baba. Hapa tunajitahidi.

Ila nijibu, hata kwa ndoto: ulipofika kwenye shamba la mihogo, kabla hujaanza kuimba, ulikuwa unatua mizigo kwanza na kukaa chini, kama nilivyokaa mimi jana?

Binti yako,
Ester