Mihogo ya Mama Valeria

Kibabi, siku ya tano, jioni

Leo nimesema, lakini roho haijatulia.

Siku ile mihogo niliyolowesha mutoni ilikuwa ingali migumu, na watoto wanalia njaa. Ya jirani yangu, Mama Valeria, ilikuwa imekwisha kulainika pale pembeni. Nikachukua yake, nikamuachia yangu.

Yeye akatukana bibi ya mutoto wake, yule mukwe aliyelowesha mihogo ile: "Muvivu wewe, hata kulowesha mihogo hujui!" Binti akarudi kwao Itebero na mimba yake. Na mimi nikaendelea kuimba kanisani.

Leo nilipiga magoti shambani mwa Mama Valeria, nikaungama. Aliweka jembe chini. Kisha akasema: "Mimi njo nilitukana mutoto wa watu bure. Twende tumuombe musamaha sisi wawili."

"Na watoto wangu, mama?"

"Wana baba. Ao hajui kupika bugali?"

Tutaondoka kesho asubuhi. Kesho kutwa, siku ya Mungu, wengine watakuwa mezani pa Bwana, sisi tutakuwa katika pori. Na kama binti atakataa kutusikia… Ee Mungu, ututangulie kwake.

Mihogo ya njiani nimeitoa mutoni. Nimeangalia mara mbili kama ni yangu.