Siku Uliponiita kwa Jina la Baba

Njombe, mwezi wa Agosti, ukungu ukiwa bado mlangoni. Ni mwaka wa kumi na tisa tangu niondoke Miyuji.

Mpendwa mtani,

Nyamizi binti yako alinipigia juzi. Alianza na shikamoo, akaja kwenye baridi ya huku, akauliza habari za magoti yangu, na kadiri salamu zilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kuibana simu sikioni, maana hakuna anayechelewa kwenye magoti ya mzee kama hana jambo zito nyuma yake. Ndipo akasema mmekwisha kuzikwa, wewe na kicheko chako.

Akasema Wagogo walijaa makaburini, wakachimba, wakabeba, wakalia. Lakini hakuna aliyekuzuia usizikwe, kama mtani apaswavyo. Hakuna aliyeshuka kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka ndugu zako wambembeleze. Vijana wameona haya. Na mjane wako amekataa tanga lianuliwe mpaka mimi nije au niseme neno. "Mtani wake alikuwa mmoja," amesema.

Nimemwomba Nyamizi aisome barua hii mbele ya watu. Wapo watakaosikiliza wasiojua mambo yetu, kwa hiyo vumilia nikikueleza unayoyajua.

Mababu zako wa Unyamwezi walipita Ugogo na mizigo kichwani wakienda pwani, na mababu zangu wakawatoza hongo, yaani ushuru wa maji na njia. Ugomvi ule ulipokufa ulizaa utani. Mimi na wewe tuliurithi kama watu wanavyorithi shamba. Siku ya kwanza nilipoingia gereji yako pale Makole, Dodoma, kabla hujaniuliza shida yangu, uliuliza kama nimekuja kutengeneza au kutoza. Nikakujibu kwamba mpagazi akipumzika kwenye ardhi ya watu huwa haulizi maswali. Wateja wakacheka, ukanipa kigoda. Toka siku hiyo hukuniita kwa jina. Nilikuwa Mgogo, au mwenye nchi, au yule wa mlenda, mboga yetu ya kuteleza. Na wewe ulikuwa Mpagazi mpaka mke wangu akasahau kwamba unaitwa Maganga.

Nilikuja kwa sababu ya ile pikipiki ya magurudumu manne. Mgeni mmoja mchimba visima aliiacha alipomaliza kazi yake, nikaichukua kwa ajili ya shamba la zabibu, lakini haikukaa shambani. Mwaja, mke wangu, alikuwa mkunga katika zahanati iliyo ng'ambo ya korongo la mchanga, na hakuna chombo kingine cha injini kilichoweza kulivuka bila kuzama. Ukaiita Ndama, kwa sababu ilipenda kumfuata Mwaja na kunigomea mimi.

Ndama alikuwa na tabia moja iliyotuchosha. Kiangazi tulimfunga sproketi ndogo nyuma, lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni, ili akimbie vizuri barabarani. Kifuku kilipokaribia tulimfunga kubwa, aende polepole lakini avute kwa nguvu kwenye mchanga na tope. Kila badiliko lilitaka bolti nne zifunguliwe na kufungwa tena ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu cha aluminiamu, na aluminiamu ni laini mbele ya chuma. Mwaka hadi mwaka, vumbi la Dodoma likisaidia, bolti zilikula hesi za matundu yale, hiyo mizunguko inayoishika bolti isitoke. Vichwa vya bolti navyo vilikuwa vimeviringika. Nakukumbuka umelala chini umegongea soketi ndogo juu ya kichwa kilicholiwa, ukizungusha taratibu, umetoa ulimi kidogo kama mtoto anayeandika.

Nami nilikuwa nimeacha kuamini neno lolote linalotoka chini ya pikipiki. Na ungefanyaje, mtani? Uliwahi kumwambia mchungaji wetu wa kanisani kwamba Ndama ana mimba, akaja nyumbani kuuliza kwa upole. Uliwahi kuniambia breki zimekwisha kabisa, nikaisukuma kwa mikono kutoka Makole hadi Miyuji, jua la utosi, na nilipofika nikakuta breki zinauma kama mbwa. Majirani walinicheka mpaka mavuno. Nilikulipa kwa kutangaza sokoni kwamba umekamatwa kwa kukwepa hongo. Huo ndio utani: hukasiriki, na huamini.

Basi siku ile. Ilikuwa mchana, mwanzo wa mvua, na milima ya mashariki imeshavaa nguo nyeusi. Mwaja alikuwa mjini kuchukua dawa. Alikuja mtu wa baiskeli kutoka ng'ambo, amelowa jasho, akasema kuna binti ana uchungu tangu alfajiri, ni mimba yake ya kwanza, na damu inatoka kabla ya mtoto. Msaidizi pale zahanati alikuwa peke yake. Mwaja hakuuliza la pili. Alikuja moja kwa moja kwako, ambako nilikuwa nakungoja umalize kufunga ile sproketi kubwa.

Ulikuwa umeshaifunga. Ulisimama unafuta mikono kwa kitambaa kinachoichafua zaidi, ukasema, "Mgogo, bolti zako zinazunguka tu. Hazishiki."

Nikacheka. Nikasema hata mpagazi huzunguka akikosa njia.

"Mbili zimekula hesi kabisa. Ndama hatoki hapa."

Nikamwambia Mwaja apande, mvua inakuja, huyu tunamjua. Mwaja naye akatabasamu, ingawa macho yake yalikuwa kwenye milima, akafunga mkoba wa dawa nyuma ya kiti. Ukasogea mbele ya pikipiki. Nikadhani ndio mchezo wenyewe, kwamba sasa unadai hongo wewe, na nikaanza kutafuta la kukujibu. Mwaja akawasha. Ukaweka mkono mmoja juu ya usukani na mwingine ukauweka kifuani kwangu.

Ulisema, "Chibago mwana wa Ndahani. Sikutanii."

Sijui ulilijua wapi jina la baba yangu. Sikuwahi kukuambia. Nakumbuka yule mteja aliyekuwa akipuliza kabureta alibaki na mashavu yamejaa. Mwaja akazima injini kabla sijatamka chochote, akashuka. Ukapiga magoti, ukaikamata bolti moja kwa vidole viwili, bila spana, ukaichomoa kama mtu anayetoa kizibo. Ukampa mkononi. Kwenye hesi zake ulikuwepo unga mweupe wa aluminiamu.

Aliutazama, kisha akatazama milima. "Mtani, yule binti hana muda," alisema.

"Najua, shemeji. Niache na mikono yangu."

Nimesoma vitabu vingi tangu nije huku, sina kazi nyingine, na sijakuta bado ukurasa ulionibana pumzi kama kukutazama ukifanya kazi saa ile. Hukuharakisha. Hilo ndilo lililotutesa. Bolti mbili zilitoka kwa vidole. Ya tatu iligoma, kichwa kimeviringika kabisa. Ukakata mfereji juu yake kwa msumeno wa chuma, ukaigeuza kwa tindo, ukiigonga kidogo kidogo. Ya nne uliimwagia mafuta na kuisemesha kwa Kinyamwezi. Ukatoboa matundu yote yawe mapana, ukachonga hesi mpya ndani yake kwa tapu, kile chuma cha kukatia hesi, ukigeuza mbele kidogo na kurudi nyuma, mbele na kurudi, ukipuliza vumbi la aluminiamu. Mara moja nikasema ongeza kasi. Uliendelea kugeuza vile vile, na nikaelewa kwamba utani haujarudi bado.

Halafu hukurudisha bolti. Uliingiza stadi, vile vyuma virefu visivyo na kichwa ulivyovitoa kwenye lori bovu, ukavikaza ndani ya habu pamoja na gundi viishi humo daima. Sproketi ukaipachika juu yake, na nje ukafunga nati zile zenye plastiki ndani zisizolegea. Ulikuwa unafikiri mbele, hata pale. Tangu siku hiyo aluminiamu haikuguswa tena. Kubadilisha sproketi ikawa kufungua nati nne tu, kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Mwaja akaondoka na Ndama, nasi tukamfuata kwa pikipiki yako mpaka ukingoni mwa korongo. Huko juu mvua ilikuwa imeshanyesha, tuliisikia kabla ya kuiona. Mwaja alikuwa katikati ya mchanga pale maji yalipotokea kwenye kona, ulimi wa rangi ya chai, umebeba majani na povu mbele yake. Ndama akazama nyuma. Magurudumu yakachimba. Wewe ulikuwa umeshika spana ambayo sijui kwa nini ulikuja nayo, na midomo yako ilikuwa ikihesabu kitu. Cheni ikakaza, tukaisikia inalia, na sproketi ile kubwa ikamvuta Ndama, akatambaa, akatambaa tena, akapanda ukingo wa pili maji yakilamba magurudumu ya nyuma. Mwaja hakugeuka kutupungia. Alikuwa na kazi.

Ulikaa chini kwenye majani. Ukaiweka spana chini, ukasema, "Mgogo, mwambie mkeo hajalipa hongo ya mto."

Yule binti alipona, na mtoto wake. Mwaja alilala ng'ambo mpaka maji yaliposhuka, na kila aliposimulia alianza na mkono wako juu ya usukani.

Kisha mji ukapanuka, shamba la zabibu likawa viwanja vya watu, nasi tukaja huku kwa mwanetu kwa muda mfupi, kama tulivyosema. Mwaja yuko chini ya mti wa parachichi nyuma ya nyumba hii, huu ni mwaka wa sita. Asubuhi namwambia habari za mvua. Namwambia habari za mbali pia, na juzi nilimwambia yako.

Sasa nitimize wajibu wangu, na Nyamizi asome kwa sauti kubwa. Enyi Wanyamwezi, mmemzika mtu huyu kwa idhini ya nani? Amekaa kwenye ardhi yetu maisha yake yote, amekunywa maji yetu, ameoa, amezaa, hajalipa hata shanga moja. Mtoeni. Kaburi hilo nalidai mimi, na nimelala ndani yake, sitoki mpaka mjane aniletee mlenda kwa mikono yake. Na yeyote atakayemlilia mpagazi bila kucheka kwanza atalipa yeye hilo deni. Haya. Anueni tanga.

Nimemaliza utani wangu, mtani. Kwa haya yanayofuata nakusimamia mbele na mkono kifuani, kama ulivyonifanyia. Lala salama.

Maganga mwana wa Mihambo. Sikutanii. Sitarudi Miyuji.

Mtani wako,
mwenye nchi wa Miyuji